Kijiji Kizima Kilijua

Mtu aliyewahi kulima mpunga Tinde, huku Shinyanga, hahitaji kuelezwa jinsi maji yanavyovunja undugu. Mvua ikikatika wakati mpunga ndio kwanza unataka kutoa masuke, kila tone lililobaki kwenye jaruba lina mwenyewe. Usiku mtu anatoka na jembe, anapasua tuta la jirani kiasi cha kiganja tu, anarudi kulala. Asubuhi mwenye jaruba anakuta tope limeanza kukauka. Anamjua aliyefanya. Majirani nao wanamjua, kwa sababu nyayo kwenye udongo wa mbuga hazifichiki. Lakini wakiitwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kila mmoja anasema siku hiyo alilala mapema.

Ndiyo maana filamu mbili za Kifaransa zilizotengenezwa takriban miaka 40 iliyopita, kuhusu wakulima wa milima ya Provence, zinanishika kuliko tamthilia yoyote inayorushwa usiku kwenye ving'amuzi vyetu. Zinaitwa Jean de Florette na Manon des sources. Zote mbili zilitoka mwaka 1986 chini ya mwongozaji Claude Berri, na ya pili inaendeleza ya kwanza. Hadithi ni ya Marcel Pagnol, mzaliwa wa Aubagne karibu na Marseille, aliyeitengeneza kwanza kama filamu mwaka 1952, kisha miaka kumi hivi baadaye akairudia kwa riwaya ya sehemu mbili. Huko Ufaransa watu zaidi ya milioni 7 waliingia sinema kuitazama sehemu ya kwanza peke yake. Wengi wao walikuwa watu wa mijini, waliokwenda kumtazama mkulima akihangaikia ndoo ya maji.

Kisa kinaanza mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kijana Ugolin anarudi kutoka jeshini na ndoto ya kulima maua ya kuuza mjini. Maua yanataka maji, na chemchemi iko kwenye shamba la jirani. Mkubwa wa ukoo wake, mzee César Soubeyran, ambaye hana mke wala mtoto, anaitaka ardhi hiyo kwa ajili ya kijana wake. Jirani anakufa baada ya kugombana nao. Shamba linarithiwa na Jean, mtoto wa dada wa marehemu, mtoza kodi kutoka mjini mwenye kibyongo, anayekuja na mkewe, binti yao mdogo Manon, na vitabu vya kilimo. Kabla hajafika, César na Ugolin wanaiziba chemchemi kwa saruji na kuifukia. Kisha wanakaa kusubiri.

Jean anafuga sungura. Anapanda maboga ya kuwalisha. Amepiga hesabu za mvua vitabuni na zinamwambia atafaulu. Sisi wa huku tunamfahamu mtu huyu: ni mstaafu aliyerudi kijijini na mafao yake na daftari lenye mahesabu ya faida, anayewaamini watu wote wanaomsalimia kwa adabu. Mvua inagoma. Jean anachota maji mbali na kuyabeba kwenye mgongo uleule wenye kibyongo, safari baada ya safari, jua likiwaka. Mwishowe anakufa akilipua mwamba kwa baruti ili apate kisima, kama wachimbaji wadogo wanavyolipua mwamba Geita kwa matumaini ya dhahabu, ilhali maji anayoyatafuta yapo ndani ya shamba lake mwenyewe. Ugolin na mzee wake wananunua shamba, wanafukua chemchemi, maji yanabubujika. Binti Manon amejificha karibu, anaona kila kitu.

Miaka inapita. Manon sasa ni mwanamwali anayechunga mbuzi milimani. Siku moja anakuta chini ya ardhi mahali maji ya kijiji kizima yanapopita, naye anayaziba. Bomba la kijiji linakauka. Maua ya Ugolin yanaanza kunyauka. Na Ugolin, katika siku hizohizo, amempenda Manon kwa mapenzi ya kichaa, kiasi cha kujishonea utepe wa nywele zake kwenye ngozi ya kifua.

Kisasi tumekitazama kwenye filamu za Kihindi, za Kichina na za Kinaijeria mpaka tumekinai. Mara nyingi kinakwenda njia moja: mbaya anajulikana tangu dakika ya tano, mwema anateswa, mwema anarudi na nguvu, mbaya anapigwa, watu wanatoka wakiwa wameridhika. Filamu za Berri hazimpi mtazamaji raha hiyo. Ugolin aliyeziba maji ndiye anayekwenda kumsaidia Jean kazi, na ndiye anayelia Jean anapokufa, na machozi yake ni ya kweli. Daniel Auteuil aliucheza uhusika huo kwa namna ambayo unamchukia na kumwonea huruma kwa pumzi moja, na alistahili tuzo ya filamu ya Ufaransa iitwayo César aliyopewa mwaka 1987. Mapenzi yanapomjia Ugolin, yanamjia kama hukumu. Kati ya wanawake wote wa milima ile, moyo unamchagua binti wa mtu aliyemuua kwa kiu. Hakuna hakimu ambaye angeweza kubuni adhabu ya namna hiyo.

Jambo linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni kijiji chenyewe. Chemchemi ile haikuwa siri. Watu wazima wa kijiji hicho, Bastides Blanches, walikuwa wakijua kwamba shamba lile lina maji, na baadhi walikuwa wamekunywa hapo utotoni. Wangeweza kumnong'oneza Jean neno moja tu barabarani. Hawakusema, kwa sababu akina Soubeyran ni wakubwa, kwa sababu mambo ya watu hayaingiliwi, na kwa sababu Jean alikuwa mtoto wa mwanamke aliyeolewa kijiji cha mahasimu wao. Zaidi ya hayo, alikuwa na kibyongo, na mwenye ulemavu hakosi wa kumsingizia mkosi. Manon anapokata maji ya kijiji kizima, anamtoza kila mtu deni la ukimya wake.

Niliwaonyesha ndugu zangu filamu hizi kwenye kompyuta ndogo, mimi nikiwa mfasiri, kwa mtindo wa Lufufu, yule msimuliaji aliyejulikana nchi nzima kwa kuingiza sauti yake ya Kiswahili kwenye kanda za filamu za nje. Nilidhani watalalamikia mwendo wa taratibu. Hakuna aliyelalamika. Mama mdogo alishika kichwa pale saruji ilipomiminwa kwenye tundu la chemchemi. Mjomba alikuwa akiuliza kila mara: "Mwenyekiti wao yuko wapi?" Na katika filamu ya pili, padri alipohubiri kwamba huenda maji yamekatika kwa sababu ya dhambi iliyofichwa, na mhandisi wa serikali akaja na maneno marefu ya jiolojia badala ya maji, sikuhitaji kufasiri chochote. Walikuwa wanaangalia mkutano wa hadhara wanaoujua.

Ubishi ulizuka mwishoni. Je, Manon alikuwa na haki? Mzee mmoja alisema hapana, maana watoto wachanga na mifugo nao walikuwa wanakunywa maji yale, na wao walikosa nini? Shangazi akamjibu kwamba hata Manon alikuwa mtoto, na kijiji kizima kilimtazama akibeba ndoo. Mwingine alitaka ng'ombe wa fidia watolewe, mambo yaishe. Walibishana mpaka usiku wa manane. Sijawahi kuona tamthilia zetu za jumba la ghorofa, mume tajiri na mke wa pembeni zikiwapa watu wazima jambo la kubishania kwa uzito kama huo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Waandishi na waongozaji wetu wa filamu wanamnyima mtu wa kijijini tanzia. Wanampa uchawi, au wanampa vichekesho. Mkulima akitokea kwenye skrini, amevaa koti kubwa kuliko mwili, anazungumza Kiswahili cha kuchekesha watu wa Sinza, na kazi yake ni kushangaa lifti. Au ni mwanamke mzee mwenye ungo na kaniki. Mtu wa shamba aliye na akili timamu, anayepanga, anayependa, anayekosea kosa zito na kuishi nalo miaka 20, huyo hatumwoni. Pagnol na Berri walimpa mkulima wa Provence uzito ambao Shakespeare aliwapa wafalme.

Wala si kwamba mkoa huu umekosa watu wa filamu. Steven Kanumba alizaliwa hapa Shinyanga mwaka 1984. Alipofariki Aprili 2012, Dar es Salaam ilisimama. Kipaji kile kilitoka kwetu, kikavuka mpaka Nigeria na filamu ya Dar 2 Lagos, na soko likampeleka lilikompeleka: kwenye sebule zenye makochi ya ngozi. Simlaumu hata kidogo. Alifanya kazi kwa bidii katika soko alilolikuta. Lakini kila nikimtazama Yves Montand akiwa mzee César, amekaa kwenye benchi akipewa habari inayomvunja, namfikiria Kanumba angekuwa hai leo, ametimiza miaka 40 na kitu, akicheza mzee wa Kisukuma mwenye mashamba, mwenye siri.

Siri ya César ndiyo msumari wa mwisho wa hadithi nzima, na asiyetaka kuambiwa mapema aruke aya hii. Ujanani César alimpenda Florette, mama yake Jean. Alipokuwa jeshini Afrika, Florette alimwandikia barua kumjulisha ana mimba yake, na kwamba yu tayari kumsubiri. Barua haikufika. Florette akaolewa kijiji kingine, akazaa mtoto mwenye kibyongo. César anaambiwa hayo uzeeni na mwanamke kipofu aliyekuwa rafiki wa Florette, baada ya Ugolin kwisha kujinyonga. Mtu aliyemzibia maji mpaka akafa alikuwa mwanawe wa pekee. Ukoo aliotaka kuurithisha ardhi ameuua kwa mkono wake. Kwetu sisi kuna jambo la kuongeza: katika hadithi hiyo Afrika ni mahali tu ambako barua inapotea. Hakuna Mwafrika anayetokea. Nani aliishi katika nchi ambako askari yule wa Kifaransa alikuwa akipigana, na nani alizibiwa chemchemi yake huko? Hiyo ni filamu nyingine, na ni sisi wa kuitengeneza.

Malighafi ipo mpaka imezidi. Kuanzia enzi za ukoloni, misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuua mbung'o, kisha ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, mpaka nchi ikabaki kipara. Mwaka 1986, mwaka uleule wa filamu hizi, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na watu wakarudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yasiguswe mpaka kiangazi kikali. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Wataalamu waliandika ripoti, na zilistahili kuandikwa. Mimi najiuliza kuhusu mtu ambaye ng'ombe wake wanakufa mmoja mmoja huku nyasi za jirani zimesimama kiunoni, hazijaguswa, kwa mujibu wa kanuni ambayo yeye mwenyewe aliipigia kura kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma. Usiku anashika kiberiti. Mkononi mwa mtu huyo kuna filamu ya saa mbili.

Au tuchukue mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha mahame yao nyuma, pamoja na makaburi na miti ya matunda. Baadhi walirudi miaka ya baadaye wakakuta wengine wamelima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka mabaraza ya kusuluhisha, lakini baraza haliwezi kukuambia babu yako alimpa nani ardhi hiyo kwa mdomo, chini ya mti gani, na kwa sababu ya mapenzi gani. Kuna mambo ambayo bibi mmoja tu kipofu ndiye anayeyajua.

Au tuchukue sungusungu, walioanza Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Adhabu yao kali kuliko fimbo ilikuwa kumtenga mtu: asiombe moto, asisaidiwe kuzika, asisalimiwe kisimani. Fikiria kijana anampenda binti wa nyumba iliyotengwa. Akimpelekea ndoo ya maji, na yeye ametengwa. Shakespeare wetu yuko wapi?

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo naliandika kwa uchungu. Mkoa huu umebeba kwa miaka mingi aibu ya mauaji ya wanawake wazee kwa kusingiziwa uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia watoto wao maisha yote. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba, kuna urithi, kuna chuki ya mke mwenza au mkwe. Baadaye yakaja mauaji ya watu wenye ualbino. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Kila mauaji ya namna hii yana wauaji wachache na watu wengi waliolala mapema siku hiyo. Filamu ya White Shadow ya mwaka 2013 iliyahusu, ikashinda tuzo ya filamu bora ya kwanza kwenye tamasha la Venice, ila ilitengenezwa na Noaz Deshe, mtu wa nje. Sina ugomvi naye. Naona haya kwamba hatukutangulia sisi.

Kusema kweli, vitabu vimetangulia filamu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu ya ndoa ya kijijini ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaiandika kwa Kikerewe, na Kiswahili chake kikachapishwa 1980. Mohamed Suleiman Mohamed alitupa Nyota ya Rehema mwaka 1976: binti anayenyimwa haki ya baba yake, mkulima Sulubu anayempenda, na ardhi inayodaiwa na wasioilima. Ukisoma riwaya hiyo baada ya kuitazama Manon, utadhani Unguja na Provence ni vijiji jirani. Amil Shivji ameonyesha inawezekana kutoa filamu nzuri kutoka kwenye riwaya ya Kiswahili, maana Vuta N'kuvute yake, kutoka kwa Adam Shafi, ilifika Toronto mwaka 2021. Nani ataichukua Nyota ya Rehema?

Wapo watakaosema filamu ya namna hiyo inahitaji fedha za Ulaya. Za Berri zilikuwa ghali kweli, na mwongozaji alipanda maua na kusubiri misimu ibadilike. Lakini mwaka 1990 Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso alipata tuzo kuu ya majaji huko Cannes kwa Tilaï, hadithi ya kijana anayerudi kijijini na kukuta baba yake amemwoa mchumba wake. Nyumba za udongo, punda, watu wachache, upendo, heshima, damu. Si gharama iliyoibeba filamu ile. Iliyoibeba ni kwamba Ouédraogo aliwaamini watu wake kuwa na uzito wa kutosha kujaza skrini.

Leo maji ya Ziwa Victoria yanasafirishwa kwa bomba kutoka Ihelele mpaka Shinyanga na Kahama, na mradi ukavutwa mpaka Tinde na Shelui. Ni baraka kubwa, na wasichana wanaokwenda shule badala ya kisimani wanaijua thamani yake. Pia ina maana kwamba kizazi kinachokumbuka vita vya visima, vya malambo na vya mchanga wa mito kinazeeka, na kumbukumbu zake bado hazijarekodiwa na mtu yeyote mwenye kamera na subira.

Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya televisheni wanaonunua tamthilia, na Bodi ya Filamu inayotoa tuzo kila mwaka: tengeni fungu kwa ajili ya hadithi za shamba zilizoandikwa na watu waliokulia shambani. Msimlazimishe Msukuma aongee kama mtu wa Kinondoni. Montand alikulia Marseille na Auteuil Avignon, na lafudhi ya kusini ilisikika katika filamu ile, na Ufaransa nzima ikawasikiliza. Waacheni waigizaji wazungumze Kisukuma, wekeni tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, na mtafute mwigizaji mzee mwenye uso uliopigwa na jua kweli. Nanyi vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita mnaopiga video za harusi kila Jumamosi kwa kamera nzuri kuliko ile aliyokuwa nayo Pagnol mwaka 1952, nendeni kwa bibi zenu wiki hii na muwaulize ni nani alimzibia nani maji. Rekodini majibu.